Kumi na Saba Haigawanyiki

Hapa Bahati masomo ya jioni yanaitwa ngumbaru, na mtu akilitamka hilo neno anacheka kidogo kwa pua. Nilianza ngumbaru nikiwa na watoto wanne na goti moja linaloniuma wakati wa baridi. Tulisomea kwa darasa la watoto wa primary, wao wakishaenda nyumbani, na madawati yao yalikuwa madogo hivi kwamba ukisimama vibaya unasimama nayo. Niliacha shule darasa la nane. Nilitaka kumaliza form four kabla sijafa, na hiyo ndiyo sababu yangu yote.

Aliyekuwa na sababu kubwa ni mke wa ndugu ya mzee wangu. Tumeolewa boma moja. Jikoni yake na yangu zinatazamana, katikati kuna kamba ya kuanika nguo. Alikuwa amekaa kwa ndoa miaka mingi na hakujaliwa mtoto. Kwetu mwanamke akizaa wa kwanza, jina lake la zamani linawekwa kando, anakuwa mama wa fulani mpaka wamzike. Yeye hakuwa na fulani. Kumwita kwa jina la usichana ilionekana kama kumtusi, kwa hivyo sisi wote tulimwita Auntie, hata wazee wenye mvi. Alikuwa anaitika bila kuinua macho.

Auntie alitaka kufundisha watoto wa nursery. Alikuwa amepanda gari akaenda mwenyewe kuuliza kwa chuo kimoja upande wa Njoro, na wakamwambia alete cheti cha form four, na hesabu isiwe imeanguka kabisa. Mtihani ulikuwa mwisho wa mwaka huo. Mume wake ni mtu wa kunyamaza. Alimwambia, "Soma huu mwaka, halafu tutaona," na sisi wake wa hiyo boma tulijua hiyo tutaona maana yake ni hakuna mwaka mwingine. Mama mkwe hakuzunguka hivyo. Alikuwa akikaa nje akichambua mboga, anauliza hewa tu, "Huyu ataenda lini?" Hakusema ni kwenda wapi. Kwa hivyo ulikuwa ni huo mwaka na huo mtihani, na ukimponyoka, mlango unafungwa.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye vumbi la chaki mpaka kwa nyusi. Alisoma primary Tanzania, kwa sababu baba yake alikuwa akifanya kazi huko, na huko watoto wanasoma hesabu kwa Kiswahili. Akiona Kiingereza kimetukwama kooni, anaturudishia kwa Kiswahili na tunapumua. Tulimpenda kwa hiyo.

Jioni moja alitaka tujue prime number ni nini. Alisema mara mbili kwa Kiingereza, akaona nyuso zetu, akaweka chaki chini.

"Leo tuko wangapi?"

Tukajihesabu. Tulikuwa kumi na saba, wote tulioandikishwa, na hiyo haikuwa kawaida, kwa maana kila siku kuna mtu amefiwa au ng'ombe yake imezaa.

"Simameni. Kila mtu atafute mwenzake, wawili wawili."

Tukasukuma madawati. Auntie si mtu wa kukimbilia watu. Tulipomaliza kushikana, yeye alikuwa amesimama peke yake karibu na mlango. Mwalimu akaandika ubaoni: wawili wawili, anabaki mmoja.

"Sasa wanne wanne."

Tukajipanga, na aliyebaki ni Auntie.

"Wanane wanane."

Auntie tena. Watatu watatu walibaki wawili, na watano watano wakabaki wawili. Hapo aliachwa pamoja na askari mmoja anayelinda nyumba za watu Milimani, aliyekuwa akisoma kabla ya kuingia zamu. Askari akamwambia, "Auntie, leo gari imetuacha," naye akacheka. Nakumbuka alicheka, kwa sababu ilikuwa dakika chache tu kabla.

Tulirudi kukaa. Mwalimu akaandika 17 kubwa katikati ya ubao, akasema mnaona hii, mkiipanga vyovyote haigawanyiki sawa, isipokuwa kila mtu akae peke yake au wote wakae pamoja. Halafu akaandika chini yake, kwa herufi nzuri, na akasoma kwa ile sauti yake ya kutusaidia:

"Kwa Kiswahili hii inaitwa namba tasa."

Kwetu hilo neno halina kazi nyingine. Ng'ombe ikikaa bila kushika mimba, watu wanasema hiyo ni tasa, iuzwe. Na mwanamke, wanalisema akishapita.

Askari akasema kutoka nyuma, "Kumbe hata namba hukosa mtoto."

Darasa likacheka. Halafu kicheko kikakatika katikati, kama mtu amechomoa waya ya redio, kwa sababu tulikumbuka nani alikuwa amesimama mlangoni. Mwalimu alikuwa ametupa mgongo, anaandika mfano mwingine. Auntie akafunga kitabu. Akaweka kalamu kwa mkoba, akavuta zipu polepole mpaka mwisho, akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mwalimu, naomba ruhusa."

"Enda tu," Mwalimu akasema bila kugeuka.

Nikamfuata, nikamkuta barabarani akitembea kama mtu asiye na haraka.

"Mwalimu hakujua," nikamwambia.

"Najua hakujua."

"Basi kesho..."

"Dada." Alisimama. "Kanisani wananijua. Sokoni wananijua. Kliniki, nikiingia tu, yule wa kadi ananijua. Sasa hata hesabu imenijua."

Tulienda hivyo mpaka nyumbani, naye akaingia kwake akawasha moto.

Hakuja kesho yake, na hakuja siku zilizofuata. Saa ya masomo ikifika nilikuwa namwona akienda kukata majani ya ng'ombe, kazi ambayo siku zote aliifanya asubuhi. Mama mkwe akamwona pia, na akanyamaza kwa njia ya mtu aliyeridhika.

Mimi ni mtu wa kuomba. Sisemi hivyo kujisifu. Ni vile wengine ni watu wa chai. Niliomba Auntie asiache, na niliomba pia Mungu anizuie mdomo, kwa sababu watu wengi walikuwa wamemwambia mambo mengi kwa miaka mingi, wote wakitaka kusaidia. Kwa ushirika wetu wa akina mama kila Jumatano kulikuwa na saa ya kuwaita mbele wale ambao matumbo yamefungwa, na kila Jumatano Auntie alienda mbele, akawekewa mikono na mafuta, akarudi kwa kiti chake na paji la uso linang'aa. Nilikuwa nikimwekea mikono pamoja na wengine. Jumatano hiyo hakuja kanisani pia. Niliomba, sikusikia jibu, nikaendelea kuosha vyombo.

Nikaamua Mwalimu ajue. Nilibaki baada ya darasa nikamweleza. Mwanzoni hakuelewa, akadhani Auntie ni mgonjwa.

"Hana mtoto, Mwalimu," nikamwambia. "Na hilo ndilo neno lake."

Alikaa kwa dawati la mtoto, magoti yakamfika kifuani. Aliangalia ubao kama lile neno bado liko pale.

"Nililijua nikiwa mdogo," akasema. "Kwangu lilikuwa la hesabu tu, kama kujumlisha na kutoa. Sikuwahi kusikia mtu akiitwa hilo."

"Sisi tumelisikia hivyo tu."

"Nikuje kwenu nimwombe msamaha?"

Sote wawili tukafikiria mwanamume mgeni akiingia boma kuomba msamaha kwa mke wa mtu, juu ya jambo hilo, mama mkwe akiwa amekaa pale na mboga zake.

"Hapana," akajijibu mwenyewe. "Basi mpelekee kazi. Mwambie agawanye moja kwa kumi na saba, kwa mkono. Asiache mpaka ijirudie."

"Ijirudie nini?"

"Ataona."

Wiki hiyo tulikuwa kumi na sita. Mwalimu alitupanga wanne wanne kwa zoezi, na hakuna aliyebaki. Zoezi lingine tukakaa wawili wawili, ikatosha pia. Ilikuwa rahisi sana, na nilitamani isiwe rahisi hivyo. Askari hakufanya mzaha hata mmoja.

Jumamosi mvua ilikuwa ya rasharasha. Tulikuwa tunapukuchua mahindi kwa baraza ya jikoni yangu, Auntie na mimi, na nikamwambia, "Mwalimu amekutumia hesabu."

"Sitaki kitu ya huyo mwalimu."

"Sawa," nikasema. "Basi nitaifanya mimi."

Sikuwa na ujanja wowote. Niliona haya kurudi kwa mtu na kazi aliyotuma ikiwa haijaguswa. Nikachukua chaki ya watoto, nikainama kwa sakafu ya saruji, nikaandika moja, nikachora ile nyumba ya kugawanya, na kumi na saba mlangoni. Hesabu na mimi hatujawahi kupatana. Niliandika, nikafuta kwa kiganja, nikaandika tena. Auntie alikuwa anapukuchua gunzi moja muda mrefu kuliko gunzi linavyohitaji.

"Umesahau sifuri," akasema.

"Wapi?"

"Kumi haitoshi kumi na saba. Lazima uiwekee sifuri yake." Nikaiweka, lakini mahali pabaya. Akafuta mikono kwa leso. "Lete hiyo chaki."

Alifanya akisema kwa sauti, vile Mwalimu alitufundisha. "Mia moja. Tano mara kumi na saba, themanini na tano, inabaki kumi na tano. Mia na hamsini. Nane, mia moja thelathini na sita, inabaki kumi na nne. Mia na arobaini. Nane tena, inabaki nne." Kila kinachobaki alikiandika pembeni, kimoja chini ya kingine.

Nikatoa simu nikabonyeza, ikanipa sifuri nukta sifuri tano nane nane mbili, na mengine mpaka kioo kikajaa.

"Imemaliza," nikamwambia.

Aliangalia simu, akaangalia sakafu. "Simu ndio imemaliza. Hesabu bado. Si unaona hapa inabaki?"

Akaendelea. Ilibaki sita, ikabaki tisa, ikabaki tano, ikabaki kumi na sita. Tulisogeza gunia la mahindi apate nafasi. Ikabaki saba, mbili, tatu. Nilianza kuingiwa na wasiwasi. Niliogopa ni hesabu isiyo na mwisho, na kwamba Mwalimu amemtumia mtu aliyechoka kitu cha kumchosha zaidi.

"Na ikiwa haitaisha?"

"Itajirudia tu," Auntie akasema, bado ameinama. "Kinachobaki lazima kiwe chini ya kumi na saba. Ziko kumi na sita peke yake. Zikiisha itaenda wapi?"

Hilo hakuna mtu alikuwa amemfundisha. Kumi na tatu. Kumi na moja. Nane. Kumi na mbili. Chaki ilikuwa imebaki kama kucha. "Mia na ishirini. Saba, mia moja kumi na tisa. Inabaki..."

Akapandisha kidole mpaka mwanzo wa hesabu.

"Moja," akasema. "Ile tulianza nayo."

Tukaangalia ule mstari wa pembeni. Akaniambia nichukue punje za mahindi, yeye ataita na mimi niweke. Akaita moja, nikaitafuta, nikaiwekea punje. Akaita mbili. Tulienda hivyo mpaka kumi na sita, na kila moja ilikuwepo, na hakuna iliyokuwa mara mbili. Hakuna hata moja iliyorukwa.

Nilitaka kusema Bwana asifiwe, nikajizuia.

Auntie alikaa chini, miguu ameinyoosha mbele yake kati ya tarakimu. Akaniuliza, "Sita imezaliwa na nani?"

"Na nani vipi?"

"Ukizidisha."

"Mbili na tatu."

"Thelathini na nne?"

Nilifikiria. "Mbili na kumi na saba."

"Hamsini na moja?"

"Tatu na kumi na saba."

"Na themanini na tano hii hapa, tano na kumi na saba. Sasa hiyo ni tasa namna gani? Iko na watoto hawahesabiki." Alikuwa anaongea polepole, hana furaha, anapanga tu. "Kile haina ni wazazi. Hakuna namba ndogo zimekutana zikaizaa. Dada, hiyo ni yatima. Mtu aliangalia nyuma yake, akakosa kitu, akaipa jina la mbele."

"Tumwambie Mwalimu jina ni mbaya."

"Jina likishashika halitoki," akasema. "Hiyo mimi ndio najua."

Mama mkwe alikuwa amefika kwa kamba ya nguo. Alisimama akiangalia sakafu yangu imejaa chaki kutoka mlangoni hadi ukutani.

"Mnaandika kwa chini kama watoto?"

"Ni hesabu, mama," Auntie akamjibu.

"Itawalisha?"

Mama mkwe aliondoa nguo zake zilizolowa, akaenda. Tulirudi kwa mahindi. Gunia lilikuwa karibu kujaa wakati Auntie aliposema, kama anaendeleza maneno tuliyokuwa tukiyasema, "Jumatatu nitakuja darasa. Si kwa sababu ya hii namba. Ni vile nimefikiria mahali nimetoka. Wakitaja hilo neno kwa harusi, natoka. Kwa matanga, natoka. Jumatano nimetoka kanisani na hata sikuwa nimeingia. Mahali pa kukaa pameisha, dada. Na hilo darasa nilikuwa nalipenda."

Jumatatu alikaa mahali pake. Mwalimu alimwona, akaangusha chaki, akaiokota. Alitakiwa kurudia yale ya siku ile, na alipofika pale akaanza kukanyaga huku na huku. "Sasa hizi namba... hizi ambazo... hizi prime zetu..."

Askari akasimama bila kuitwa. Alikuwa ameshika kofia ya kazi.

"Auntie. Siku ile mdomo wangu ulitangulia. Pole."

"Mdomo yako huwa inatangulia," Auntie akamwambia. "Kaa chini."

Watu wakacheka kidogo, kwa uangalifu. Mwalimu bado alikuwa amesimama na neno limemkwama.

"Mwalimu," Auntie akasema, "sema tu tasa. Mimi nimekaa."

Akalisema. Sauti yake haikuwa nzuri. Auntie akaliandika kwa kitabu pamoja na sisi, na tukaendelea na zoezi la pili.

Kabla ya mtihani kulikuwa na Jumatano moja ya ushirika. Saa ile ilipofika, mwenyekiti wetu akawaita wale wa kuombewa matumbo, na Auntie hakusimama. Mwenyekiti alidhani hakusikia, akamfuata mpaka kwa kiti na chupa ya mafuta.

"Mama," Auntie akamwambia, na watu wote walisikia, "leo niombeeni hesabu."

Mwenyekiti alisita. Ni mwanamke wa imani kubwa, lakini hilo halikuwa kwa orodha yake. Alitazama chupa, akanitazama mimi. Nikatoka kwa kiti changu nikaenda nikaweka mkono wangu begani kwa Auntie, na wengine wakaja mmoja mmoja. Mwenyekiti akafumba macho. Alimwomba Mungu kama mtu anayetafuta swichi gizani. Alisema, Bwana, wewe unaijua paper one. Unaijua na paper two. Mtu nyuma akasema amina mapema. Akasema, umpe huyu dada yetu kukumbuka, na wakati akikwama, usimwache amekwama. Hapo sauti yake ikapata njia, na akaomba muda mrefu, na hakutaja tumbo hata mara moja.

Mtihani tukafanya, wote wawili, kwa chumba kimoja. Yeye alipita. Hakupita na kelele, alipata kile chuo kilitaka na kidogo juu yake. Mimi masomo mengine nilipita, hesabu ikanikataa, na ninarudia. Nimemshukuru Mungu kwa hilo pia, ingawa ilinichukua muda.

Alienda chuo mwezi ambao mahindi yalikuwa yamefika magotini. Mume wake ndiye alibeba sanduku mpaka stage ya magari; hakusema kitu, lakini alibeba. Jioni hiyo nilikuwa nakoroga uji, na mama mkwe akaja akasimama mlangoni kwangu, akaangalia ng'ambo kwa jikoni iliyokuwa haina moshi.

"Atarudi lini?" akaniuliza.

"Wakifunga shule, mama."

Alifikiria.

"Basi ile shamba yake ipaliliwe vizuri," akasema. "Asikute ni magugu."